Saa ya maji ya Likoni, imetundikwa River Road

Mwezi 3, Jumanne

Naanza kuandika leo juu nikingoja mpaka nimalize ndo niandike sitaandika kamwe, najijua. Mradi ni saa ya ukutani isiyoonyesha saa, inaonyesha maji ya Likoni, kule Mombasa, yako wapi, yamejaa, yamekupwa, ama yako njiani. Na mi mwenyewe niko River Road, Nairobi, ghorofa ya pili natengeneza redio na TV, bahari iko kilomita kama 480 kutoka hapa, ukichungulia dirishani unaona mikokoteni na mat zikipigiana honi.

Kilichoniuma ni likizo ya Aprili. Niliwabeba watoto wa dadangu wawili, wamezaliwa Umoja, bahari wameiona kwa simu tu, nikawaahidi tutatembea kwa miguu mpaka mwambani tuone pweza na nyota za bahari. Tukaamka asubuhi mapema, tukafika ufuo wa Shelly, maji tele. Kesho yake tele. Siku ya tatu jioni yakarudi nyuma kidogo tu, mwamba ukabaki mbali huko na mawimbi yake. Mjomba akanitazama akacheka, "Wewe mtoto wa Likoni waja na maji mafu? Nairobi imekuharibu." Maji mafu ni zile siku bahari haijai sana wala haikupwi sana. Kweli imeniharibu. Nikiwa mdogo hiyo hesabu tulikuwa nayo kichwani bila kufunzwa, saa hizi sijui hata mwezi uko wa ngapi.

Kwa hivyo tarehe za humu naandika za mwezi wa angani, vile mjomba anahesabu, juu bahari haijui Jumanne ni kitu gani.

Mwezi 5, Alhamisi

Vifaa. Saa ya ukuta ya plastiki, 350 bob, nimeitoa mashine yote nikabaki na uso na mshale mmoja. Mota ndogo ya hatua-hatua kutoka kwa printa iliyokufa. Bodi ndogo ya programu niliyonunua Luthuli, chaja ya simu ya zamani, waya ziko tele hapa dukani.

Hesabu ya kwanza ni rahisi. Mshale wa saa ya kawaida unazunguka kwa saa 12. Wangu uzunguke kwa saa 12 na dakika 25. Hizo dakika 25 ndizo mwezi wenyewe: dunia inajizungusha, baada ya saa 24 Likoni imerudi pale pale, lakini mwezi nao haukusimama kungoja, umesonga mbele kidogo kwa njia yake, basi dunia inabidi iukimbilie dakika zingine kama 50 ndo uwe utosini tena. Saa 24 na dakika 50, gawa mara mbili. Ndo maana maji hayajai saa ile ile kila siku, leo hivi, kesho yamechelewa.

Juu ya uso nimeandika YAMEJAA, chini YAMEKUPWA, kulia YANAKUPWA, kushoto YANAJAA.

Mwezi 8, Jumapili

Leo sikufungua duka, nilikuwa kwa dada. Yule mkubwa, yuko darasa la sita, akaniuliza swali likanikwamisha na chai mkononi. "Anko, kama mwezi ndo unavuta maji si yajae mara moja tu kwa siku, upande wenye mwezi? Ile ya pili inavutwa na nani?"

Nikaanza kujibu ovyo, nikanyamaza, nikatoka naye nje. Nikamwambia chukulia boda tatu kwa mstari Thika Road, zote zinaelekea upande mmoja. Ya mbele imepewa mafuta zaidi, ya kati wastani, ya nyuma kidogo. Zote zinaenda mbele, hakuna inayorudi. Lakini wewe uko juu ya ile ya kati, unaona nini? Akafikiria. "Ya mbele inaniacha." Na ya nyuma? "Naiacha mimi." Basi ya kati ni dunia yenyewe, ile ya mbele ni maji yaliyo karibu na mwezi, ya nyuma ni maji ya upande wa pili. Mwezi unavuta vyote, ila unavuta kilicho karibu zaidi kuliko kilicho mbali, ndo pengo linafunguka pande zote mbili. Uvimbe mbili za maji. Likoni inapita kwenye zote mbili kila ikizungushwa.

Akaridhika. Mi nikabaki sijaridhika, juu nilikumbuka jua. Jua ni zito kuliko mwezi mara milioni 27, na linaivuta dunia kuliko mwezi mara karibu 180, ndo maana tunalizunguka. Kwani mbona maji yanamfuata mwezi? Nikachukua kalamu. Jua liko mbali kuliko mwezi mara kama 390. Nguvu ya kawaida ya kuvuta unagawa kwa umbali mara umbali. Lakini hapa hatutaki nguvu yenyewe, tunataka tofauti kati ya upande wa huku na upande wa kule, na tofauti inapungua haraka zaidi, unagawa kwa umbali mara tatu. Milioni 27 gawa kwa 390 mara 390 mara 390, inatoka 0.455. Jua na ukubwa wake wote linafanya chini ya nusu ya kazi ya mwezi. Hii hesabu niliirudia mara tatu nyuma ya risiti, napenda sana vile inatoka.

Mwezi 10, Jumanne

Aibu ya leo niiandike ikiwa moto.

Programu ya kwanza ilikuwa ya kijinga, inajua tu mwezi uko wapi. Mwezi ukiwa utosini, mshale unasema YAMEJAA. Saa mbili na nusu usiku nimetoka kwa roshani ya jengo, mwezi uko juu kabisa kati ya mabango, mshale umesimama wima juu. Nikampigia mjomba kwa mikogo. Shikamoo mjomba. Marahaba mwanangu. Nikamwambia saa hii maji yamejaa hapo, si ndiyo?

Kimya kidogo. "Mimi nimesimama mchangani hapa nafungua kamba ya ngalawa. Maji yako kule. Ndio kwanza yaanza kurudi."

Nikamweleza ya mwezi utosini. Akaniambia, "Kwani wewe wataka bahari ifuate saa yako ama saa ifuate bahari?" Halafu akanipa kitu ambacho sikukitafuta kwa mtandao hata kidogo: mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa saa kumi, saa kumi na nusu, alasiri na alfajiri. Hukupwa saa nne na nusu. Halafu kila siku yachelewa. Babake alimwambia hivyo, naye aliambiwa.

Sasa fikiria hiyo. Mwezi mpevu unakuwa utosini saa sita usiku. Maji yanajaa saa kumi alfajiri. Ni masaa manne tofauti! Si dakika kumi za makosa ya mota, ni masaa manne.

Mwezi 11, Jumatano

Sikulala vizuri. Nimesoma leo kati ya wateja.

Ile picha ya uvimbe mbili kila kitabu cha shule kinayo, na ni kweli kama dunia ingekuwa tufe lililofunikwa na maji ya kina kirefu mno bila nchi kavu. Hata hivyo uvimbe wenyewe ungekuwa kama nusu mita tu kutoka chini hadi juu, na Likoni wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, tunaona mita tatu na zaidi. Kwa hivyo mwezi hauinui maji kama ndoo kisimani. Nguvu yake ya kunyanyua ni sehemu moja ya milioni 10 hivi ya uzito wako, hainyanyui kitu. Kinachofanya kazi ni ule mvuto wa kulalia pembeni, unayakokota maji kutoka huku na huku kwenda kukusanyika, kidogo kidogo juu ya maelfu ya kilomita za bahari. Ndo maana tangi la maji juu ya jengo letu halina bamvua, na hata Ziwa Victoria lenyewe, pamoja na ukubwa wake, halijai na kukupwa kwa namna ambayo mvuvi atashughulika nayo. Ni dogo kwa hiyo kazi.

Halafu mbio. Pale chini ya mwezi, kwenye ikweta, pointi yake inakimbia juu ya dunia kama kilomita 1,600 kwa saa. Wimbi refu la namna hii kwenye bahari ya kina cha kilomita nne linakwenda kama 700 kwa saa, mwendo wa ndege, si haba, lakini haliwezi kumfikia mwezi. Na njiani kuna Afrika, kuna Madagascar, kuna India, maji yanagonga na kurudi, yanazunguka kwenye beseni la Bahari ya Hindi kama chai kwenye kikombe ukitembea nacho. Mwezi unatoa mdundo tu, kila saa 12 na dakika 25. Bahari ndo inacheza vile umbo lake linavyoiruhusu, na kila bandari ina kuchelewa kwake. Kwa Likoni ni karibu masaa manne. Huwezi kuipata hiyo namba kwa kuangalia angani, lazima mtu alisimama ufukweni akahesabu.

Isaac Newton mwaka 1687 alieleza kwa nini mwezi unaleta maji kujaa, kabla yake Galileo alikataa kabisa habari ya mwezi akasema ni mwendo wa dunia unaoyatikisa maji. Lakini hata Newton hangeweza kumwambia mjomba aondoke saa ngapi. Mjomba hangehitaji.

Mwezi 16, Jumatatu

Bamvua. Nimefuta habari za mwezi utosini. Sasa programu inaanzia kwa namba ya mjomba. Leo amenitumia voisi, jioni maji yamejaa saa kumi na moja kamili, hapo nikaufunga mshale juu na kuuachilia uende saa 12 na dakika 25 zake.

Unaona pia bamvua yenyewe haikuja siku ya mwezi mpevu, imekuja siku moja hivi baadaye. Bahari ni nzito, haigeuzi mawazo haraka.

Mwezi 18, Jumatano

Mjomba anasema jana maji yaliutangulia mshale wangu dakika kumi hivi, leo kama ishirini. Nikasema moyoni mzee anakadiria tu, saa yake ya mkono ni ya zamani. (Kumbuka hii sentensi.)

Nilipita barabara ya Tom Mboya jioni, kwa yule jamaa wa mizani anayekaa kando ya njia na kamizani kake, ishirini bob, nikapanda. Kilo 74. Nikamwambia mwezi ukiwa utosini hapa nakuwa mwepesi kidogo. Akaniangalia vile mtu anaangalia mteja wa shida. Nilipiga hesabu nikitembea, ni miligramu kama 8, punje chache za sukari. Mizani yake haitaiona mpaka kiama.

Lakini kuna kitu kingine ambacho kimenishangaza kuliko vyote tangu nianze na hakihusu hata bahari. Ardhi yenyewe inajaa na kukupwa. Mwamba wa dunia si mgumu vile tunadhani, mwezi na jua vinaunyoosha, na huku karibu na ikweta ardhi inaweza kupanda na kushuka zaidi ya sentimita 30, mara mbili kwa siku. Yaani River Road, Kencom, KICC, mizani ya jamaa na mi juu yake, sote tunapanda na kushuka na hakuna anayemwaga hata chai. Hatuhisi juu vyote vinapanda pamoja. Ni zile boda tatu tena, ukitaka kuona mwendo lazima uwe na kitu cha kuachwa nyuma, na hapa hakuna kilichoachwa. Wanaopima kwa setilaiti inabidi waitoe kwa hesabu zao.

Mwezi 21, Jumamosi

Mshale unasema yatajaa saa tatu na dakika kumi usiku. Mjomba: "Yalijaa saa mbili na robo, tukaondoka nayo." Karibu saa nzima. Nimekagua mota, nimehesabu hatua zake zote, haijaruka hata moja. Kristali ya bodi, ile inayohesabu muda, iko sawa. Mjomba hakadirii. Nimeisoma sentensi yangu ya Jumatano nikaona haya.

Mwezi 22, Jumapili

Nimeipata, na nilikuwa nayo tangu mwezi 8 nyuma ya ile risiti. Ni jua.

Nilidhani kazi ya jua ni kuongeza na kupunguza tu. Mwezi mpevu na mwandamo viko mstari mmoja na jua, vinasaidiana, unapata bamvua. Mwezi nusu, jua linavutia kwingine, unapata maji mafu. Hilo kila mtu wa pwani analijua hata kama hasemi jua. Nilichosahau ni kwamba jua lina saa yake, saa 12 kamili. Mwezi una 12 na 25. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mmoja ana mwendo wa haraka kidogo. Wakianza pamoja michi inashuka pamoja, halafu huyu wa haraka anamtangulia mwenzake, na kishindo unachosikia kinakuwa mahali fulani kati yao. Kwa hivyo baada ya bamvua maji yanajaa mapema kuliko mwezi peke yake unavyotaka, kila siku mapema zaidi, na kwa Likoni ambako jua lina nusu ya nguvu za mwezi hiyo tofauti inafika kama saa moja, siku ya tano hivi. Halafu inarudi, siku za maji mafu wanakubaliana tena, halafu kuelekea bamvua nyingine inakuwa kinyume, maji yanachelewa.

Kwa hivyo saa yenye mshale mmoja unaozunguka sawasawa itasema uongo wiki zote, itasema kweli siku chache tu za katikati. Na hizo saa zinauzwa! Nimeziona kwa mtandao, bei ya mbuzi.

Dawa: programu ibebe mawimbi mawili. La mwezi, urefu kama mita moja juu na chini ya wastani. La jua, kama nusu mita. Jumlisha kila dakika. Wakikutana unapata mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa, wakipingana mita moja tu. Nilivyoona hiyo mita moja nikakumbuka watoto Shelly na viatu vyao mkononi.

Wazo la kujumlisha si langu. William Thomson, yule waliyemwita Lord Kelvin, alibuni mashine ya hivi miaka ya 1870, magurudumu kumi na kapi na uzi mmoja umepita juu ya zote, kila gurudumu wimbi lake, mwisho wa uzi kuna kalamu inachora maji ya mwaka mzima. Bila stima. Mi nina bodi ya 900 bob na bado nilikosea.

Mwezi 25, Jumatano

Nimebadilisha mshale. Hauzunguki tena, unapanda na kushuka kando ya kijiti kilichochorwa mita, kama maji yenyewe. Usiku stima zilipotea jengo zima, zikarudi, bodi ikasahau ni siku gani. Nimeongeza kichipu cha saa chenye betri yake ndogo. 250 bob. Ningefanya hivyo kutoka mwanzo, mi nawaambia wateja hivyo kila siku.

Mwezi 28, Jumamosi

Fundi wa mbao Gikomba amenitengenezea fremu, mvule, imetoka safi. Akauliza ni ya nini, nikamwambia inaonyesha bahari. "Bahari gani boss, ya hapa?" Nikamweleza dakika kumi, akasikiliza vizuri, akaniongezea mia mbili kwa bei.

Kitu kimoja nimeacha makusudi: umbali wa mwezi. Hauzunguki kwa duara safi, kuna wakati uko kilomita 363,000 na wakati uko 405,000 hivi, na kwa vile unagawa kwa umbali mara tatu, nguvu yake ikiwa karibu inazidi ile ya mbali kwa karibu asilimia 40. Hilo ni wimbi la tatu. Litakuja. Sasa hivi nataka kuona haya mawili kwanza.

Mwezi 2, Jumatano

Naandika kutoka Likoni. Nilikuja na basi la usiku, saa nimeipakata mapajani kama mtoto, mwenzangu wa kiti aliogopa zile waya.

Asubuhi tulishuka na mjomba. Nikaipachika saa kwenye mti wa mkungu, nikaiwasha kwa pawabenki, nikachoma fito mchangani ukingoni mwa maji, kila maji yakirudi nyuma naichomoa nasogeza nayo. Wanawake walikuwa washatangulia mwambani na vijiti vyao vya pweza, hawakuuliza mtu saa. Mshale ulifika chini kabisa saa tano kasoro dakika kumi. Maji yakaendelea kukupwa. Mjomba akachuchumaa anavuta sigara, hasemi kitu. Saa tano na dakika tatu fito ikakaa, haikusogea tena, halafu povu likaanza kuilamba mguuni.

Dakika kumi na tatu. Nimeandika kwenye daftari. Nikirudi nasogeza wimbi la mwezi mbele digrii sita na robo hivi, ama lile la jua ndo limekosewa, lazima nipime tena siku ya maji mafu ndo nijue ni lipi. Mjomba amekubali kunipimia, ila anataka nimwachie ile fito.